Maswali ya Wasomaji: Mzazi Anapopatwa na Degedege Ndani ya Arubaini

Safari hii tumejibu barua tatu zinazokaribiana. Zimefupishwa, na majina ya waandishi yameondolewa.

SWALI: Assalamu alaykum. Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa tatu hospitalini, kwa njia ya kawaida, na siku ya pili akaja nyumbani kwa mama yetu hapa Wete. Katika ujauzito wake wote alihudhuria kliniki na kila mara aliambiwa presha yake ni nzuri. Siku ya sita alianza kulalamika kuwa kichwa kinamuuma kwa mbele. Tukampa Panadol, maumivu yakapungua kidogo kisha yakarudi. Jioni akasema anaona vimulimuli, na usiku akakakamaa, akawa anatupa mikono na miguu huku povu likimtoka mdomoni. Alipotulia tukamsomea na tukamwita mwalimu. Ilipomrudia mara ya pili, ami yetu alishikilia kuwa lazima apelekwe hospitali. Huko alidungwa sindano, na baada ya siku chache akarudi akiwa mzima. Tumeambiwa ni kifafa cha mimba, nasi hatufahamu vipi mimba imeshatoka na maradhi yake yakabaki. Mama anasema sababu ni kutoka nje baina ya Magharibi na Isha. Je, mdogo wangu sasa ni mgonjwa wa kifafa? Mtoto aendelee kunyonya? Na akizaa tena, yatamrudia?
Dada wa mzazi, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Hongereni kwa mtoto na kwa kupona mzazi. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mwanamke kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, wakati wa uchungu, na baada ya kujifungua pia. Kile cha baada ya kujifungua mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo, lakini wapo wanaopatwa siku ya sita kama mdogo wako, au ya kumi, na wengine baadaye zaidi hata kukaribia kumaliza wiki 6. Miongoni mwao wapo ambao presha haikuwahi kupanda kliniki hata mara moja, kwa hivyo yale aliyoambiwa katika ujauzito yanaweza kuwa kweli tupu, na bado haya yakamfika.

Chanzo chake kiko katika kondo la nyuma. Mishipa ya damu inayolilisha kondo inaposhindwa kutanuka inavyotakiwa, kondo huingiza katika damu ya mama vitu vinavyojeruhi utando wa ndani wa mishipa yake, kuanzia ya figo na ini mpaka ya ubongo. Kondo likishatoka vitu hivyo hupungua, ila mishipa iliyojeruhiwa haiponi siku ile ile. Kuni zikitolewa mekoni, mafiga hubaki ya moto. Juu ya hayo, katika siku za mwanzo baada ya kuzaa, maji yaliyokuwa yamejaa miguuni na mwilini hurudi ndani ya mishipa, ndiyo maana hata kwa mwanamke mwenye afya njema presha hufikia kilele chake baina ya siku ya 3 na ya 6, wakati ambapo wazazi wengi wameshatolewa hospitali na hakuna anayewapima. Presha inapopanda katika mishipa iliyokwishajeruhiwa, maji huvujia kwenye ubongo, hasa sehemu ya nyuma ambayo ndiyo inayoshughulika na kuona. Vile vimulimuli vya jioni vilikuwa ni ubongo wake unaolalamika, wala macho yake hayakuwa na ila. Wapo wanaopoteza kuona kabisa kwa saa kadhaa au siku chache, kisha wakarejewa na nuru yao baada ya matibabu.

Sasa niseme lile lililonishughulisha zaidi katika barua yako, nalo ni ile Panadol. Simlaumu aliyempa, kwani mzazi halali usiku, amechoka, na kuumwa kichwa kunaonekana ni jambo la kutegemewa. Lakini kichwa cha mwanamke aliye ndani ya arubaini kisitulizwe kwa dawa kikaachwa hivyo hivyo. Kwanza apimwe presha, siku hiyo hiyo, na dawa ifuate. Hali kadhalika akiona ukungu au vimulimuli, akiumwa chini ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, akitapika bila sababu, akihema kwa shida, au akivimba uso na mikono kwa ghafla. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, lazima aonwe na mhudumu wa afya bila ya kuchelewa. Kikifika 160 kwa 110 ni dharura, hata kama mzazi mwenyewe amekaa anacheka na wageni waliokuja kumtazama mtoto.

Najua ugumu uko wapi. Kwetu sisi mzazi hatoki ndani, na mimi ni katika wanaoipenda desturi hiyo: kupumzishwa, kuogeshwa maji ya moto, kuchuliwa, kupikiwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, mwanamke akahudumiwa badala ya yeye kuhudumia. Ziko nchi tajiri ambako mzazi hurudi peke yake katika nyumba yenye watoto na vyombo vya kuosha, na hakuna wa kumpokea. Basi desturi ibaki, na kipimo kiingie ndani. Nyumba nyingi huwa na jamaa au jirani aliye muuguzi, na mashine ndogo ya kupimia presha mkononi si kitu cha kukosekana katika mtaa mzima. Wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba chini ya mpango wa Jamii ni Afya waelezwe wazi kwamba mzazi anaumwa kichwa, wasiishie kuoneshwa mtoto tu. Kama hapatikani wa kuja, atoke. Dharura ina hukumu yake, na sijapata kumsikia mzee wetu yeyote mwenye busara akisema mzazi afe ndani kuliko kutoka.

Lawama nyingine nazielekeza kwetu sisi watu wa afya. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mwanamke aliyejifungulia katika kituo abaki hapo angalau saa 24, kisha aonwe tena baina ya saa 48 na 72, baina ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Hata ukifuatwa kikamilifu, ushauri huo unaacha nafasi baina ya siku ya 3 na ya 7, na mdogo wako alianguka katika nafasi hiyo hiyo. Kwa hivyo anayeruhusiwa kuondoka apimwe presha kabla hajavaa buibui lake, na jamaa aliyekuja kumchukua aambiwe dalili hizi kwa kinywa, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa sababu kadi yenye maandishi hufungwa kwenye mkoba na nguo za mtoto isionekane tena.

Ama kauli ya mama, namheshimu, na adabu za wakati wa Magharibi ni zake na ni zetu sote. Ila wako wanaopatwa na hali hii wakiwa hawajavuka hata kizingiti cha chumba, na wako wanaotoka nje kila siku wasidhurike. Wala sina ugomvi na kisomo. Ninalopinga ni mpango wa kusoma kwanza na hospitali baadaye, kwa sababu kila degedege linalofuata huongeza hatari ya mzazi kukosa hewa, kuvuja damu ubongoni au kuharibika figo. Mwalimu anaweza kupanda gari pamoja nanyi akasoma njia nzima.

Degedege linapoanza, mlazeni mzazi kwa ubavu, wa kushoto ikiwezekana, ili mate na matapishi yatoke nje badala ya kuingia kwenye mapafu. Ondoeni kilicho karibu kinachoweza kumjeruhi, na mlegezeeni kanga. Msimkandamize, na msimtie kitu mdomoni: si kijiko, si kidole, si maji, wala kombe (maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya aya), ambalo kwa mtu asiyejitambua litakwenda kwenye mapafu badala ya tumbo. Likiisha kwa dakika moja, bado safari ya hospitali ipo pale pale. Kwa mzazi hatungojei kuona kama litarudi. Asafirishwe ndani ya gari akiwa amelala kwa ubavu na mtu akimwangalia, asipakiwe kwenye bodaboda baina ya watu wawili. Chukueni kadi ya kliniki, na mtoto pia, kwani atataka kunyonya.

Sindano aliyodungwa bila shaka ni ya magnesiamu salfeti. Dawa hii ni ya bei nafuu na ni ya zamani, na utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 1995 ulithibitisha kuwa inazuia degedege lisirudi vizuri zaidi kuliko diazepamu na fenitoini, zilizokuwa zikitumiwa na madaktari wengi. Utafiti mwingine wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionesha kuwa wanawake wenye presha ya mimba wakipewa dawa hiyo kabla hawajaanguka, hatari ya kuanguka hupungua kwa zaidi ya nusu. Kwa kawaida hupewa gramu 4 taratibu katika mshipa na gramu 10 zikigawiwa matako mawili, kisha dozi nyingine huendelea mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lipi litakalokuwa la baadaye. Kituo kidogo kisichoweza kumlaza mgonjwa kinatakiwa kitoe dozi ya mwanzo kisha kimpeleke hospitali, na jamaa wana haki ya kuuliza kama amepewa. Sindano hiyo huuma na huleta joto mwili mzima. Wauguzi walipokuwa wakimgonga goti, wakihesabu pumzi zake na kupima mkojo wake, walikuwa wakihakikisha kwamba dawa haijazidi mwilini. Pamoja nayo hupewa dawa za kushusha presha, kama vile hidralazini, labetaloli au nifedipini.

Si kila degedege la mzazi ni kifafa cha mimba, ingawa tunaanza kwa kulitibu hivyo mpaka ithibitike vingine. Hospitalini hupimwa pia sukari, kwa sababu ikishuka sana mtu hukakamaa, na chumvi za damu. Mwenye homa hupimwa malaria, ambayo Zanzibar imepungua sana kuliko zamani lakini haijatoweka, na kama shingo imekaza hutafutwa homa ya uti wa mgongo. Aliyedhoofu upande mmoja wa mwili, au asiyerejewa na fahamu, huhitaji picha ya kichwa.

Kuhusu maswali yako ya mwisho: mdogo wako si mgonjwa wa kifafa kwa sababu ya tukio hili, na kwa kawaida wenye hali yake hawapewi dawa za kifafa za kutumia miaka. Mtoto anyonye. Magnesiamu haimdhuru, na zipo dawa za presha zinazofaa kwa mama anayenyonyesha, kama nifedipini na enalaprili, madhali anatumia alizoandikiwa na haazimi za mtu mwingine. Asiache vidonge vya presha kwa kuwa anajiona mzima. Apimwe mara kwa mara katika wiki hizi, na apimwe tena arubaini inapomalizika. Akibeba mimba nyingine, hatari ya presha ya mimba kwake ni kubwa kuliko ya mwanamke ambaye hayajamfika, ingawa wengi huzaa salama. Aanze kliniki mapema, aseme tangu siku ya kwanza kuwa alipata kifafa cha mimba baada ya kuzaa, na aulize kuhusu aspirini ndogo ya miligramu 75, ambayo huanzwa kabla ya wiki ya 20, na kuhusu vidonge vya kalisi ikiwa chakula chake hakina maziwa na dagaa wa kutosha. Hata asipozaa tena, presha yake ipimwe kila mwaka, kwa kuwa waliopitia haya huelekea zaidi kupata maradhi ya presha na ya moyo ukubwani.

SWALI: Mke wangu alizaa kwa upasuaji. Wiki ya tatu kichwa kilimuuma siku nne mfululizo, kikizidi kila akilala au akikohoa, kisha mkono na mguu wa kulia vikaanza kutikisika na baadaye mwili mzima. Presha yake haikuwa juu. Alipopigwa picha tukaambiwa damu imeganda katika mishipa ya ubongo. Sasa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na mama yangu anakhofia maziwa yatamdhuru mtoto. Tunaomba maelezo.
Mume, Makunduchi, Unguja

JIBU: Mwili wa mwanamke, anapokaribia kujifungua, huifanya damu iwe rahisi kuganda ili mzazi asivuje mpaka afe, na hali hiyo hubaki kwa wiki kadhaa baada ya kuzaa. Upasuaji, maambukizi, upungufu wa maji na kulala bila ya kujinyoosha huongeza hatari. Damu ikiganda katika mishipa mipana inayorudisha damu kutoka ubongoni, ile iliyo nyuma yake hukosa njia, ubongo huvimba, na degedege hufuata. Dalili ulizozitaja, yaani kichwa kinachozidi siku hadi siku, kikawa kibaya zaidi mtu akilala au akikohoa, na mtikisiko ulioanza upande mmoja, ndizo zinazotufanya tulifikirie jambo hili. Nasifu waliomwona mkeo kwa kutoishia kwenye presha, kwa sababu hata picha ya kawaida ya kichwa inaweza kuonekana safi, mpaka ipigwe ile inayoonesha mishipa yenyewe.

Waliochomwa sindano ya ganzi mgongoni kwa ajili ya upasuaji nao huumwa kichwa, lakini chao kwa kawaida huzidi mtu akikaa au akisimama na hutulia akilala. Kikibadilika tabia, au kikiendelea hata akilala, asiambiwe tena kuwa ni ile sindano.

Mwambie bibi mkubwa asiwe na wasiwasi. Dawa za kuzuia damu isigande ni kama heparini na warfarini: heparini haipiti katika maziwa, na warfarini, ambayo mara nyingi hufuata, nayo inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Matibabu huchukua miezi kadhaa, kwa kawaida baina ya 3 na 12 kulingana na sababu iliyopatikana, na anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara ili dozi isipungue wala isizidi. Dawa za miti shamba na aspirini asizichanganye nayo bila ya kumuuliza daktari, kwani zinaweza kumvujisha damu. Huenda pia akapewa dawa ya kuzuia degedege kwa muda, nayo asiikatishe mwenyewe.

Jambo ambalo hukuliuliza ni uzazi wa mpango. Mkeo asitumie vidonge vyenye homoni ya estrojeni, sasa wala baadaye, kwa kuwa huongeza kuganda kwa damu. Kitanzi au vijiti vya mkononi vinamfaa zaidi, na mimba inayofuata ipangwe na daktari mapema, kwa sababu huenda akahitaji heparini tena. Warfarini haifai kwa mwenye mimba, hivyo akiwa bado anaitumia asikae bila ya kinga.

SWALI: Mimi nina kifafa tangu nikiwa skuli na natumia kabamazepini. Nilipojifungua, mavyaa wangu akanambia niache dawa kwa sababu ya maziwa. Nimeacha, na nimeshaanguka mara mbili. Nifanye nini?
Mama wa mtoto mmoja, Mkoani, Pemba

JIBU: Rudi kwenye dawa, lakini upitie kwa daktari wako leo au kesho, usianze kwa kubahatisha, na kwa kuwa umeanguka ukiwa mzazi, presha yako ipimwe pia, kwani kuwa na kifafa hakumkingi mtu na kifafa cha mimba. Kabamazepini na kunyonyesha huenda pamoja. Kinachoingia katika maziwa ni kidogo, na mtoto wako alikuwa akiipata dawa hiyo nyingi zaidi alipokuwa tumboni. Wanaotumia fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, ndio wanaotakiwa kumwangalia mtoto kwa makini kama analala kupita kiasi au ananyonya kwa uvivu, na wakiona hivyo wamrejee daktari. Ikiwa dozi yako iliongezwa ulipokuwa na mimba, mkumbushe, kwa sababu huenda ikahitaji kupunguzwa sasa.

Kukosa usingizi ni kichocheo kikubwa cha kifafa, na hapo ndipo mavyaa wako anapoweza kukusaidia kweli: amchukue mtoto kwa saa kadhaa za usiku, ampe maziwa uliyoyakamua au akuletee mtoto anyonye kisha amrudishe, ili upate usingizi usiokatika. Nyonyesha ukiwa umekaa chini kwenye mkeka au godoro na umeegemea ukuta, mbadilishe nepi chini badala ya kitandani, usimwogeshe peke yako, na usikae na mtoto karibu na jiko. Kabamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, kwa hivyo utakapokwenda kliniki ya wiki ya 6 taja jina la dawa yako kabla ya kuchagua njia. Kitanzi au sindano ya miezi mitatu haviathiriwi nayo.